Tuliyoyaona ngambo, na deni tulilorudi nalo

Maneno haya yalisemwa na mume na mke, wanachama wa chama chetu, mbele ya mkutano mkuu hapa Lusangi. Komite iliwaomba wayaandike ili wanachama wa Kasongo na Kabambare ambao hawakufika, pamoja na wafadhili wetu, wapate kuyasoma.



Prezida alituomba tuzungumze juu ya maisha yetu ya ngambo. Alisema, "Vijana wanauliza kila siku, basi semeni mliyoyaona." Tulikubali, lakini tukaomba kitu kimoja: tuachiwe kusema yote. Wenyewe mnajua, mtu akirudi kutoka ngambo anasimulia treni na bahari, na yale mengine anayafunika na kitenge. Leo tutafunua.

Kwanza, sisi hatukuwa wakimbizi. Kati yenu kuko waliokimbia vita ya 1996 na ile ya 1998, waliovuka ziwa usiku, waliolea watoto ku Nyarugusu miaka na miaka. Wao hawakuchagua. Sisi tulichagua. Tulioana 2010, mtoto wetu wa kwanza akazaliwa 2011, na 2013 tukauza mavuno yote ya mpunga, tukafunga mashine ya kushonea ndani ya gunia, tukaondoka. Hakuna aliyetufukuza. Tulitaka kuona, na tulitaka kurudi na kitu.

Lupango letu, lile baba alilotuachia hapa mugini, tulimwachia ndugu mmoja. Karatasi hatukuandika. Nani anaandika karatasi na ndugu yake? Tulisema, "Tutakuwa tunatuma feza, wewe utajenga pole pole." Akasema, "Hakuna shida." Tukashikana mikono.

Njia mnaijua: Kabambare, Lulimba, Fizi, Baraka. Mara kamiyo, mara moto, mara miguu. Ku Uvira tulikaa siku tisa tukingoja karatasi na boti. Halafu tukapanda boti ya mizigo ku Kalundu, na ziwa tukaliona usiku kucha. Mwenye boti alituambia Tanganyika lina urefu wa zaidi ya kilometa 600, na chini yake ni zaidi ya kilometa moja kwenda chini. Afadhali asingetuambia. Mtoto alilala, sisi wawili hatukufunga jicho.

Asubuhi ya Kigoma tulifurahi kusikia Kiswahili kila mahali. Tulifikiri, hapa hatutapotea. Siku ileile tukaenda dukani, mama akasema, "Papa, niko nauza sukari kilo mbili." Mwenye duka akajibu, "Sukari ninayo, mama, sinunui." Mama akarudia kwa nguvu, yule naye akakataa kwa nguvu. Mnacheka, lakini tulirudi bila sukari. Kumbe kule "kuuza" ndiyo ile yetu ya kuuzisha, na sisi tulipaswa kusema "kununua." Neno lingine lilituletea mashaka zaidi. Mwenye nyumba aliuliza kama kwetu tuna mali. Tukajibu kwa kujivuna, "Sana, tuko na lupango." Akanyamaza, akatutazama, akatuomba kodi yote mbele. Baadaye jirani akatueleza kwamba kule vijana wanaita "lupango" pale polisi wanapofungia watu. Neno hili mlishike, tutalirudia, na pale hamtacheka.

Kigoma tulikaa miaka miwili. Mmoja wetu alishona, mwingine aliuzisha mawese na dagaa, wale samaki wadogo tunaowaita ndagala. Siku za mapumziko tulikwenda Ujiji kwa miguu. Ndugu zetu, ku Ujiji tulikuta Wamanyema. Watu wamezaliwa kule, baba zao wamezaliwa kule, lakini ukiuliza asili wanakujibu Manyema, na wengine wanakutajia Kasongo bila kuwahi kuiona. Babu zao walitoka huku wakati wa misafara ya pembe za ndovu, wengine kwa kupagaa mizigo, wengine kwa minyororo shingoni. Bibi mmoja mzee alitushika mikono, akauliza, "Kasongo kungaliko watu?" Tukasema wako. Akasema, "Basi mwasalimie." Leo ndiyo tunafikisha ile salamu. Imekawia.

Kule Ujiji walituonyesha pia mahali pa ukumbusho wa Livingstone, chini ya miembe. Sisi tulisoma jina lake shuleni, hatukujua kama habari yake inatuhusu. Kumbe mzungu yule alikaa miezi mingi palepale Kabambare, mwaka 1870, miguu imejaa vidonda, hawezi kutembea. Mwaka 1871 alifika Nyangwe, akaona watu wakiuawa sokoni, akarudi Ujiji amechoka na mgonjwa. Alipofika, akakuta yule aliyemwachia mali yake amekwisha kuiuzisha yote. Hakubaki na kitu. Stanley alimkuta katika hali ile. Siku ile tulicheka, tukasema, "Mzungu naye aliliwa!" Hatukujua kwamba tulikuwa tunacheka mambo yetu wenyewe.

Mwaka 2015 tukapanda treni kwenda Dar es Salaam. Ile reli ilifika Kigoma 1914, wakati wa Wadachi, na ni zaidi ya kilometa 1,200. Ilituchukua siku mbili na zaidi kidogo. Kila stesheni kuko watu wanaleta chakula dirishani: kuku, mihogo, asali ya Tabora. Vijana, tunakubali, ile safari ilikuwa nzuri. Tulikuwa bado vijana, mtoto mapajani, nchi inapita. Hatutawadanganya kwamba kila kitu kilikuwa kibaya.

Na bahari! Ya kwanza kuionja ilikuwa mama, alitia kidole akasema, "Kweli ni chumvi." Siku moja tulipanda boti kwenda Zanzibar, saa mbili tu, tukaona ndani ya Mji Mkongwe nyumba ya Tippu Tip. Yule aliyetawala Kasongo, aliyechukua watu na pembe za huku, alikwenda kufia kule 1905. Tulisimama mbele ya mlango ule, hatukusema kitu. Mali ya babu zetu ilivuka bahari ikajenga nyumba, na sisi tumekuja kuitazama kwa nauli ya kukopa.

Sasa maisha yenyewe ya Dar es Salaam. Tulipanga chumba kimoja upande wa Temeke. Kodi ni ya miezi sita mbele, ukikosa unatoka. Umeme unaununua kabla ya kuuwasha, kama vile vocha ya simu. Maji unanunua kwa ndoo. Kibali cha kukaa kinataka feza kila wakati, na kama huna, unatembea ukiangalia nyuma. Mmoja wetu alishona Kariakoo ku mashine ya mtu mwingine, analipwa kwa nguo moja moja. Mwingine alisuka nywele, maana akina mama wa kule wanasifu mikono ya Wakongo. Tulikula mara moja kwa siku ili tutume feza huku. Kila miezi mitatu tulituma. Ndugu alikuwa anasema, "Matofali tayari. Msingi tayari. Bado mabati." Tuliamini.

Na hapa tunafika ku kile kitu ambacho kimetuleta mbele yenu.

Mwaka 2016 mteja mmoja wa Kariakoo aliacha gari yake mbele ya duka. Gari nyeupe, safi. Tulikuwa tumevaa nguo za harusi ya jirani. Tukasimama karibu na gari, mmoja ameweka mkono juu ya mlango, tukapiga picha, tukatuma huku. Hatukuandika "gari ni yetu." Lakini pia hatukuandika kwamba si yetu. Wengi wenu mliiona ile picha. Mama mmoja hapa aliwahi kutuambia aliionyesha kanisani.

Kuko mdogo wetu mmoja, mtoto wa baba mdogo, naye aliiona. Jina lake hatutaji, ingawa mnamjua. Yeye mwenyewe alitukubalia tuseme, na yuko hapa ndani. Alipiga simu mara mbili. Aliuliza, "Kaka, shemeji, nije?" Usiku ule tulizungumza wenyewe kwa wenyewe. Tulijua kama hatuna kitanda cha pili. Tulijua kama kibali chetu kimebakiza mwezi mmoja. Tungesema, "Bakia, huku ni kugumu." Lakini tungesema vile, ile picha ingekuwa nini? Tukaona haya. Tukamjibu, "Njoo, Mungu ni mkubwa."

Akauzisha lupango lake, dola 350. Akavuka ziwa bila karatasi yoyote, maana alijua kuko kaka mwenye gari atakayemtengenezea karatasi. Hakufika Dar es Salaam. Walimkamata njiani. Aliyeuzisha lupango lake akalala miezi minne ndani ya lupango la kule. Alipata simu ya mtu, akatupigia. Hatukuwa na feza ya mwanasheria, hatukuwa na feza hata ya nauli ya kwenda kumwona, na tuliogopa tukienda watauliza karatasi zetu. Tulituma kidogo kwa mtu, hatujui kama ilifika. Wakamrudisha ng'ambo ya ziwa na nguo alizovaa. Yeye naye akaona haya kurudi mugini. Alibakia kupagaa mizigo ku Uvira.

Na mama yake, shangazi wa wengi hapa, alikuwa anatupigia simu kuuliza habari ya mtoto. Tulimwambia yuko anafanya kazi. Mwaka 2019 mama yule alifariki, akiamini mtoto wake anafanya kazi kwetu. Hili tumelibeba. Hatukupata kumwomba msamaha, tunawaomba ninyi ambao ni ukoo wake.

Baada ya kifo kile hatukuweza tena kukaa mjini kwa moyo mzuri. Mtoto wa pili alikuwa amezaliwa 2017. Tukachukua treni ya TAZARA, ile inayokwenda mpaka Kapiri Mposhi ya Zambia, kilometa 1,860. Inapita katikati ya hifadhi ya wanyama, watoto waliona twiga dirishani. Tulishuka Tunduma, ku mpaka. Pale kamiyo za shaba kutoka Katanga zinapanga mstari kwenda bandarini, na madereva wengine wanajua Kifaransa na Kiswahili cha kwetu tu. Mmoja wetu akapata kazi ya kuwatafsiria na kuwajazia karatasi. Kwa mara ya kwanza tulikula mara mbili kwa siku. Halafu ikaja Corona. Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde siku kadhaa, na hata ulipofunguliwa kazi haikurudi kama zamani. Tulikula akiba mpaka ikaisha. Mwaka 2021 tukaamua kurudi. Nauli ya kutoka Uvira mpaka hapa hatukuwa nayo. Chama hiki ndicho kilitukopesha dola 150.

Mtu anayerudi anafikiri njia inaishia nyumbani. Tulifika jioni. Nyumba haikuwako. Matofali hayakuwako. Kulikuwa na majani, na mti wa papai uliojiotea. Ndugu yule hatutamtaja, na hatukumpeleka kwa shefu. Alisema watoto wake waliugua, na kweli waliugua. Lakini feza ya miaka sita ilikwisha, na sisi hatuna hata karatasi moja ya kuonyesha kwamba tulituma kwa ajili ya nyumba.

Kilichotuumiza zaidi ni mtoto mkubwa. Kule alikuwa darasa la nne, alikuwa wa tatu kati ya watoto zaidi ya 80. Huku, juu ya kukosa Kifaransa, alirudishwa la pili, miaka kumi, magoti yanagusa meza. Tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali ni bila malipo, tunashukuru, lakini aibu ya mtoto hakuna anayeifuta bure. Wenzake walimwita "Mtanzania." Ku Tanzania walimwita "Mkongo." Siku moja aliuliza, "Baba, sisi ni wa wapi?" Tulimjibu haraka, "Wa Lusangi." Akasema, "Basi mbona Lusangi hawanijui?"

Ndugu zetu, tulipouliza, tukakuta watoto kumi na wanne hapa kwetu wana hali ileile, wengi waliotoka Nyarugusu. Mwalimu mmoja mwanachama alikubali kuwafundisha Kifaransa kila jioni kwenye baraza ya nyumba yake. Hakuna anayemlipa. Mtoto wetu sasa yuko la tano. Bado anachanganya, lakini hajifichi tena.

Sasa tunaomba nini? Tunaomba mambo matatu, halafu tuna letu moja la kutoa.

La kwanza, lupango. Tusiondoke tena kwa kushikana mikono. Sheria ya nchi ya 1973 inasema udongo ni mali ya Serikali. Sisi wa kijiji tunachokuwa nacho ni neno la shefu na ushuhuda wa majirani. Basi kila mwanachama anayesafiri aandike: mipaka ya lupango, anamwachia nani, kwa kazi gani. Shefu wa lokalite atie sahihi, mashahidi wawili, kopi moja ibaki ndani ya sanduku la chama. Na feza inayotumwa kwa ajili ya kujenga, sekretere aandike siku na kiasi. Mtu asione kama ni kumtukana ndugu. Karatasi inalinda undugu. Sisi tungekuwa nayo, leo tungekuwa tunakula bukari pamoja na yule ndugu yetu.

La pili, watoto wa baraza. Wafadhili wanaosoma haya, hatuombi jengo. Kwanza tunaomba mbao za kukalia, ubao mweusi, chaki, vitabu vya Kifaransa vya darasa la kwanza na la pili, na taa kwa ajili ya jioni. Na mwalimu apate hata sabuni.

La tatu, ukweli. Vijana, hatuwakatazi kwenda. Tangu Julai 2022 nchi yetu ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na wengine wanasema eti sasa mipaka imekwisha. Mipaka haijakwisha. Polisi anaomba karatasi kama zamani. Anayetaka kwenda aje kwanza kwetu sisi tuliorudi, tumwambie bei ya chumba, bei ya kibali, kazi inayopatikana na isiyopatikana. Na ninyi mlio ngambo mtakaosoma gazeti hili: mkipiga picha karibu na gari ya mtu, andikeni chini yake, "Gari ni ya mtu." Maneno manne tu. Sisi yalitushinda.

Letu la kutoa ni hili. Kesye anajua: ku ule mkopo wa dola 150 tumekwisha kulipa 90. Leo tumeleta 20 nyingine, zinabaki 40, na tutazimaliza baada ya mavuno.

Lile deni lingine chama hakilijui. Mdogo wetu alirudi mugini mwaka jana. Analala kwa watu, maana lupango lake liko mikononi mwa mwingine aliyelinunua kwa haki. Hatuwezi kumrudishia lile. Lakini letu lipo, pamoja na ule mpapai. Tumepima na shefu juma lililopita, kuna hatua 40 kwa 30. Tunalikata katikati. Upande wa barabara tunampa yeye, maana ana mpango wa kufungua karakana ndogo ya baiskeli, na sisi tutachukua upande wa nyuma. Karatasi hii hapa, shefu ametia sahihi. Tunaomba mashahidi wawili kati yenu, na kopi iingie ndani ya sanduku. Iwe ya kwanza.

Mdogo wetu, hatusemi kwamba tumelipa. Miezi minne hailipwi, na mama harudi. Tunasema tu kwamba ulipotuuliza "Nije?" tulikujibu vibaya, na leo tunakujibu mbele ya watu: njoo, tujenge.

 

Komite inaongeza: mashahidi wawili walisimama palepale na kutia sahihi. Kopi iko ndani ya sanduku la chama, namba 1. Kwa ajili ya watoto wa baraza, wanachama waliokuwako walichanga mbao sita na katoni moja ya chaki. Anayetaka kuongeza amwone kesye siku ya soko.